Doa Kwenye Picha ya Bandari

"Madam, hii kona nikate?"

Fundi wa fremu aliniuliza hivyo juzi pale Kitale, kisu mkononi, bila hata kuinua macho. Alikuwa ameshaitoa picha kwenye fremu yake ya zamani iliyoliwa na mchwa, ameitandaza mezani, na kidole chake kinagonga upande wa chini, kushoto, pale palipochujuka. "Iko na doa, alafu inakaa maji iliingia. Nikitoa hapa kidogo tu, itakuwa fiti kabisa."

Nilipiga ukelele, ndugu yangu. "Wacha! Usiguse hapo!" Mama aliyekuwa akichoma mahindi nje aligeuka na kipepeo chake cha moto mkononi. Fundi akarudi nyuma, akashika kifua. "Pole madam, si nilikuwa nauliza tu?" Nikamwomba radhi, nikacheka kwa aibu, kisha nikakaa kwenye benchi lake kuilinda picha kwa macho yangu mwenyewe. Kona ile anayotaka kuikata ndiyo picha. Ziwa, meli na mbingu ni mapambo tu. Fundi alikuwa na kazi zake, sikuweza kumpa hadithi yote, lakini wewe nina hakika una nafasi.

Nyumba ya nyanya yangu ilikuwa hapo hapo Kitale, nyuma ya msikiti, kwenye mstari wa nyumba za mabati zilizoshikana kuta, kiasi kwamba jirani akikaanga kitunguu, wewe ndiye unayepiga chafya. Mtaa ule ulikuwa na watu wa kila asili. Kulikuwa na Wanubi, Wasomali, Waswahili ambao babu zao waliifuata reli, na Wabukusu kama nyanya, aliyesilimu alipoolewa. Asubuhi tuliamshwa na adhana, kisha jogoo, kisha sauti ya nyanya akiuliza ni nani aliyeacha sufuria ya uji bila kuiloweka. Sebuleni kulikuwa na kabati la vyombo visivyotumika, redio iliyovalishwa kitambaa, na juu ya redio, ikitutazama sote, ile picha.

Ilikuwa bandari ya Kisumu, iliyochorwa kwa rangi za maji enzi za mkoloni. Ziwa la kijani linaloelekea buluu, meli nyeupe yenye bomba moja la moshi, gati la mbao, na ng'ambo vilima vilivyofifia. Juu ya gati kulikuwa na watu wadogo kama punje za mtama. Mmoja ana sanduku kichwani. Mwingine anavuta kamba ya meli, mgongo umepinda. Na kona ya chini, kushoto, doa kubwa la rangi ya majivu, lisilo na kichwa wala miguu, kana kwamba mtu alimwaga chai ya rangi akaiacha ikauke.

Sisi wajukuu hatukuwa tumeona ziwa hata siku moja. Maji tuliyoyajua ni ya mfereji na ya mvua. Mvua ikikatika, tulitoka mbio mtaroni na magunzi ya mahindi, tukayapanga kuwa meli, na mwenye sauti kubwa ndiye aliyekuwa nahodha. Mimi nilikuwa na sauti kubwa kuliko wote. Kila gunzi likifika pale maji yanapoingia chini ya daraja, tulipiga kelele "Kisumu! Kisumu!" mpaka mwalimu wa madrasa akatoka kutunyamazisha.

Lakini picha yenyewe hatukuiona wakati wote. Nyanya alikuwa na kitambaa cheupe alichokitarizi maua mekundu, na kila ikikaribia saa ya swala alikitupia juu ya fremu, kwa sababu ndani mna watu, na hakutaka kusali huku wanamtazama. Tulikaa mkekani tukimsubiri atoe salamu ya mwisho. Akishageuza shingo kushoto tu, tulishindana kukimbilia kitambaa. Hadi leo siwezi kukueleza ile furaha ya kukivuta na kulikuta ziwa bado lipo.

Historia ya picha aliihadithia akichambua mchele. Baba yake alikuwa mpishi wa bibi mmoja wa kizungu mwenye shamba la mahindi nje ya Kitale. Bibi yule alipenda kuchora kuliko kulima. Safari moja akaenda Kisumu, akamchukua mpishi wake, wakashinda bandarini kutwa nzima. Aliporudi nyumbani Kabuchai, mzee hakusimulia sana habari za meli wala ziwa. Alisimulia habari za mkono wake. "Mkono ulikufa ganzi siku ile bandarini," alikuwa akisema, akiusugua, na mabinti zake wakicheka. Muda si mrefu homa ikamchukua, mabinti hao wangali wadogo, na hapakuwa na picha yake hata moja ya kamera. Wakati wa matanga bibi mzungu alifika na ile picha imefungwa kwa gazeti, akampa mjane, akasema kwa Kiswahili chake cha shambani: "Yeye iko ndani." Akaenda zake. Mjane hakuuliza ni ndani wapi. Nani ana nguvu za kuuliza maswali siku kama hiyo?

Hapo ndipo ugomvi ulipozaliwa. Nyanya alikuwa na dada yake mkubwa, aliyeolewa karibu na Bungoma mjini, Mkristo wa kwenda kanisani na kitabu cha nyimbo kwapani. Yeye tulimwita kukhu, kwa Kibukusu, ili tusiwachanganye. Mabibi hawa walipendana sana, na walibishana kila walipokutana. Nyanya alishika kwamba baba yao ndiye mwenye sanduku, na mkono ulikufa ganzi kwa kulishikilia kichwani. Kukhu alikuwa hataki kusikia. "Baba alikuwa mpishi, si kuli! Mpishi atabeba sanduku ya nini? Yeye ni ule wa kamba. Aliombwa tu asaidie." Nyanya akijibu, "Na kamba ya meli ni kazi ya mpishi?" wote wawili walinuna mpaka chai iletwe.

Miaka ile Idi na Krismasi zilifuatana karibu karibu, na kwetu sisi watoto ulikuwa ni mwezi mmoja mrefu wa kula. Siku ya Idi kukhu alikuja Kitale na kuku hai kikapuni na njugu za kukaanga. Kuku alikuja mzima makusudi, ili achinjwe kwetu na sote tuweze kumla. Krismasi ikifika tulikwenda sisi Bungoma, na huko kuku walisubiri na shingo zao mpaka mjomba wetu wa Kitale ashuke garini na kisu chake, aseme bismillahi uani kwa Wakristo, ndipo moto uwashwe. Hakuna aliyeona jambo hilo kuwa la ajabu. Nimekuja kuliona ajabu ukubwani.

Basi mwaka ninaoukumbuka, ukoo wetu ulikubaliana kulisakafia kaburi la mzee kule Kabuchai, katikati ya Idi na Krismasi. Miaka yote lilikuwa tuta la udongo lililozungukwa na miwa ya jirani. Wazee wakasema, kaburi la saruji bila sura ya mwenyewe litakuwaje? Watu wa siku hizi wanaweka picha kubwa mezani, na shada. Kwa hiyo mpiga picha wa Bungoma angeipiga picha ile ya bandari, amchomoe mzee, amkuze awe ukubwa wa mtu. Swali lilibaki moja tu. Amkuze nani, wa sanduku au wa kamba? Kukhu angekuja siku ya Idi, mabibi wakae, waamue, na picha iondoke naye. Mara ya kwanza katika maisha yao, ubishi ule ulikuwa na tarehe ya kuisha, na nyanya hakulala vizuri. "Tukikosea," alimwambia mjomba, "tutamsimamisha kaburini mtu baki, tumlilie."

Sasa nikujulishe kwa shangazi, kitinda mimba wa nyanya, aliyekuwa bado hajaolewa na mkono wake haukujua kupumzika. Nyanya alipenda kusema usafi ni nusu ya imani. Shangazi, nadhani, alikuwa anatafuta na ile nusu nyingine humo humo. Kuelekea Idi alifua mapazia, akasugua masufuria kwa majivu, akatoa makochi nje, akaosha kuta, akatuosha na sisi. Tulinukia sabuni mpaka ndani ya masikio. Nyumba nzima ilijaa harufu ya iliki na bizari iliyokaangwa, na redio ikiimba kaswida kwa sauti ya juu, na sisi tunakimbia huku na huku na mabeseni, tumelewa kwa furaha.

Mkesha wa Idi, alasiri, nyanya akiwa sokoni, shangazi akaishusha picha. Alitaka kioo king'ae kwa ajili ya kukhu. Akaona vumbi limeingia ndani ya kioo, akafungua misumari ya nyuma. Akaona, kwa mara ya kwanza bila kioo, lile doa la majivu kwenye kona. Unadhani mtu kama yule angeliacha? Alichovya kitambaa kwenye beseni, akalisugua.

Rangi za maji, jamani. Jina lenyewe lilikuwa limeshatuambia, na hakuna mtu katika nyumba ile aliyelifikiria.

Tulikuwa tunamenya vitunguu saumu mlangoni, tukasikia redio peke yake, kitambaa hakisugui tena. Tulipoingia, maji yenye rangi ya majivu yalikuwa yametambaa kutoka kwenye kona mpaka juu ya gati. Mwenye sanduku alikuwa ameyeyuka mpaka kiunoni. Mwenye kamba hakuwepo tena, imebaki alama ya kijivu kama kamasi. Shangazi alijaribu kufyonza maji kwa upindo wa leso, na kila alipogusa, mtu mwingine aliondoka. "Nimeua babu," alisema. "Nimemuua tena."

Nyanya alirudi na kikapu cha viazi vya Cheptais. Aliitazama picha kwa muda mrefu. Hakupiga kelele, na sisi tuliozoea kelele zake tuliogopa kuliko siku zote. Alisema tu, "Ianikeni," akaenda chumbani, na swala ya magharibi hakutoka na kitambaa chake cha maua. Hapakuwa na mtu wa kumfunika.

Asubuhi ya Idi tulivaa nguo mpya, tukaenda kuswali, tukarudi tukala mahamri, lakini furaha ilikuwa imepinda mguu. Shangazi alijificha jikoni na pilau yake. Picha ilikuwa uani, imelazwa juu ya mkeka ikauke, mawe manne kwenye kona zake. Nyanya alikaa kando yake kwenye kigoda, na kofia pana ya ukindu ya mjomba kichwani kwa ajili ya jua, akimsubiri dada yake kama mtu anayesubiri hukumu.

Kukhu akaja. Tulimsikia kabla ya kumwona, kuku wake akilalamika kikapuni tangu njia ya msikitini. Alikuwa na mwavuli wake mweusi, ule asioachana nao jua wala mvua, na gauni la maua lililopigwa pasi mpaka likasimama. "Idi mubarak, mko wapi nyinyi watu?" Akaja mpaka mkekani. Akaona.

Nilidhani dunia inaisha. Badala yake aliweka kikapu chini polepole, akasimama nyuma ya kigoda cha mdogo wake, akamwinamishia mwavuli ili jua lisimpige. "Wee mdogo wangu," alisema, "si ni karatasi tu? Usilie, bana. Si ni karatasi." Wakakaa hivyo, mmoja ameketi, mmoja amesimama, bila kubishana, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

Jua lilikuwa mgongoni mwao. Vivuli vyao vilianguka mbele, mkekani, kando kabisa ya picha.

Nyanya ndiye aliyeona. Alikuwa ameinamisha kichwa, anafuta macho, kisha mkono ukasimama hewani. Akatazama kivuli. Akatazama karatasi. Akatazama kivuli tena. "Dada," alisema, "simama hapo hapo. Usisonge."

"Nini? Ni nyoka?"

"Usisonge nakwambia!"

Tukajaa wote juu ya mkeka, tukisukumana. Kwenye kona, pale shangazi aliposugua, rangi ya majivu ilikuwa imetoka, na chini yake ilikuwa imebaki mistari ya penseli, myembamba, ya uangalifu. Maji hayafuti penseli, hilo kila mtoto wa shule analijua. Ilikuwa ni mistari ya kivuli kilichoanguka kwenye mbao za gati. Kivuli cha mwanamke ameketi, kofia pana kichwani, mkono umeshika brashi. Na nyuma yake mtu mrefu amesimama wima, mkono mmoja umenyooshwa mbele, ameshikilia mwavuli juu ya kichwa cha yule anayechora.

Wale watu wa gatini, sanduku na kamba, yule bibi mzungu aliwadondosha kwa ncha ya brashi tu, ndiyo maana waliondoka kwa maji. Huyu alimchora kwanza kwa penseli, kidole kwa kidole. Baadaye, sijui kwa nini, akampaka rangi nzito mpaka akageuka doa.

"Mkono," kukhu alisema. Akautazama wake mwenyewe, ulioshika mwavuli. "Uuui! Mkono! Kutwa nzima alishika mwavuri!"

Sitaisahau kelele iliyofuata. Nyanya aliruka kutoka kigodani kama msichana, kukhu akatupa mwavuli, wakashikana, wakapiga vigelegele vya Kibukusu katikati ya mtaa wa Waislamu siku ya Idi, na majirani wakamiminika wakidhani kuna bibi harusi. Sisi watoto tulirukaruka tukipiga kelele "Kisumu! Kisumu!" kwa sababu hatukujua neno jingine la furaha kubwa kiasi hicho. Kuku akafungua kikapu akatoroka. Kisha nyanya akaita kwa sauti kuu, "Yuko wapi huyu mtoto wangu wa sabuni?" Shangazi akatolewa jikoni, macho yamevimba, mwiko wa pilau mkononi. Nyanya akamshika kichwa chake kwa mikono miwili. "Wewe umemfunua baba yangu. Sisi tulimpita miaka yote hii, tunabishana na kuli."

"Sasa unakubali wa sanduku alikuwa kuli?" kukhu akadakia, na tukajua kila kitu kiko sawa.

Kabuchai hatukupeleka picha ya kukuzwa. Tulipeleka karatasi yenyewe, ikawekwa kwenye meza kando ya saruji mbichi, na kukhu alisimama nayo sherehe nzima, mwavuli wazi juu yake, akakataa kupokewa. Watu walikuja wakauliza, "Mzee mwenyewe iko wapi sasa?" Akawaonyesha kona. Wengine walitikisa kichwa, ati wazee hawa wamechanganyikiwa. Wengine waliinama, wakatazama sana. Mchungaji aliomba, mjomba wetu akasoma dua, na upepo wa Mlima Elgon ulipita kwenye miwa.

Tangu siku ile nyanya hakuifunika picha tena. Mjomba alimuuliza. Akamwambia kivuli hakina uso, na kwamba baba yake amefunikwa vya kutosha.

Leo nyumba ile ya mabati haipo, pamejengwa vyumba vya kupangisha vya ghorofa, na mtaro wetu wa meli umezibwa kwa zege. Kukhu alitangulia, nyanya akamfuata, na sina shaka wanabishana. Binamu zangu wametawanyika, tunasalimiana kwa simu. Idi na Krismasi zimeachana, kila moja inakuja kwa wakati wake na wageni wake, na mara nyingi kuku ananunuliwa ameshachinjwa, hakuna anayemsubiri mtu. Nimeshafika Kisumu mara nyingi, nimesimama bandarini, nikatafuta zile mbao. Kinachoniuma ni kwamba sina wa kurudi kumpigia kelele kwamba nimefika.

Fundi alimaliza kazi. Fremu nzuri, mbao ya mvule, kona zote zipo. Niliifunga picha kwa kitambaa cheupe cha maua mekundu, nikamlipa, nikatoka, na mvua ya Kitale, ambayo haijawahi kupiga hodi, ikaanguka yote kwa pamoja. Nikaufungua mwavuli. Ulikuwa mdogo, unatosha kitu kimoja tu, kwa hiyo nikaushika juu ya picha, nikasimama chini ya ukingo wa duka unaovuja, mgongo wangu ukiloa.

"Sasa madam," mama wa mahindi akanicheka, "mwavuli ni ya mtu ama ni ya hiyo mzigo?"

"Ni ya mtu," nikamwambia.

Mvua haikuwa na haraka. Mkono ulianza kuniwasha, kisha kuchoma, kisha sikuusikia tena. Picha nilikuwa nimeibana kwapani, na mkono wangu wa pili ulikuwa huru, mzima kabisa. Sikubadilisha.